Jembe la Mpini Mwekundu

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia walio karibu na walio mbali kwamba katika ukoo wetu mtaalamu mkuu wa magonjwa ya migomba ni mimi. Cheo hiki nilijipa mwenyewe, bafuni, nikiwa nimejifunga taulo, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kukitamka.

Aliyekuwa na sifa hizo kweli ni mjomba, kaka yake mama, ambaye nyumbani tulimwita Daktari. Kila asubuhi aliingia shambani mikono nyuma, akasimama mbele ya kila mgomba kama anayezungukia wodi. Alikuwa na sababu. Mnyauko ulikuwa umeingia sehemu ya chini ya shamba la mama. Majani ya nje yaligeuka njano kuanzia ukingoni, yakavunjika shingo na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi. Ukikata shina, ndani unakuta michirizi ya kahawia. Bwana shamba alimwambia mama bila kumung'unya maneno kwamba ugonjwa huo hauna dawa, na ukishaingia udongoni hukaa humo miaka na miaka. Ukivuka kwenda sehemu ya juu, mama aage migomba yake yote. Mama hakuwa na shamba jingine wala kazi nyingine.

Kilichobaki ni kuulinda udongo wa juu. Mama alipanda karanga mwitu, zile zinazotambaa na kufunika ardhi kama mkeka, akaacha kabisa kulima chini ya migomba. Bwana shamba alieleza kwamba chini ya mkeka ule huzaliana vijidudu wema wengi mno, kiasi kwamba yule wa mnyauko akija hukosa pa kukaa. Nilielewa haraka kuliko wote, maana mimi ni mtu wa bweni. Mgeni akikuta kila kitanda kina mwenyewe, atalala wapi?

Sheria zilikuwa mbili. Mkeka usichimbwe. Na jembe la sehemu ya chini, lenye mpini uliopakwa rangi nyekundu, lisivuke mfereji uliogawa shamba kwenda juu.

Sasa, likizo ya Aprili ni ndefu, na Daktari alikuwa amesema mbele ya wageni kwamba shule ya bweni imenifundisha kitu kimoja tu, kula haraka. Asubuhi moja mama alipokwenda sokoni nilichota manjano jikoni, nikakoroga na mafuta ya kupikia, nikapaka kingo za majani matatu ya mgomba mmoja wa sehemu ya juu, ule wa katikati kabisa. Kazi safi. Nikajibanza nyuma ya banda la kuku kusubiri hotuba.

Daktari hakutoa hotuba. Alisimama pale muda mrefu, kisha akashika kichwa. Halafu akakimbia. Mtu wa kitambi kile, sikuwahi kumwona akikimbia. Akavuka mfereji, akarudi na jembe la kwanza aliloliona. Mpini ulikuwa mwekundu, na udongo wa chini ulikuwa bado umeganda kwenye bapa lake. Akaanza kuchimba.

Nilifungua mdomo nimwambie. Ila nilikuwa bado nacheka, na kicheko kilipoisha shimo lilikuwa limemfika magotini, mkeka umepasuliwa hatua tatu kila upande. Alipolikata shina, ndani lilikuwa jeupe, safi kama sabuni. Akafurahi. Nilipojitokeza alinieleza kwa fahari kwamba ameuwahi ugonjwa kabla haujaingia ndani.

Mama aliporudi aliona shimo, kisha akaliona jembe lililoegemezwa kando yake. Alilichukua akaliosha mwenyewe, akaliosha tena.

Nikarudi shule. Jumapili tulipiga simu nyumbani kwa zamu, na mama alisema hawajambo. Mwezi Julai akasema kuna mgomba mmoja kando ya shimo una jani la njano, labda ni jua. Wiki tatu baadaye ile "labda" ilikuwa imetoka katika maneno yake.

Agosti nilipofika sikuingia ndani, nilipitiliza shambani na begi mgongoni. Shimo lilikuwa limezungukwa na migomba sita, yote imevaa sketi. Nilishika jani moja, nikalisugua kwa kidole gumba, nikiomba rangi itoke. Haikutoka.

Daktari nilimkuta barazani, amekaa tu. Kazi ya shamba alikuwa ameiacha mwenyewe. Mama hakuwahi kumlaumu, lakini kila aliyepita alimwambia kwamba shamba la dada yake ameliua yeye. Hakunitania hata kuhusu kula.

Mama akatoka na shati langu la shule mkononi, lile nililolisahau Aprili. Kwenye mkono wa kulia wa shati kulikuwa na alama za vidole, njano.

"Hili nimelifua mara tatu," alisema.

Nikamwambia ni utomvu wa mgomba, si nilimsaidia Daktari kubeba.

"Utomvu huacha doa jeusi, baba. Nguo za shamba nazifua mimi. Hili doa ni la jikoni."

Daktari aligeuza shingo taratibu.

"Ulipaka mingapi?" mama aliuliza.

"Mmoja tu."

"Basi hii sita imejipaka yenyewe."

Nilitafuta utani wa kujibu. Kwa kawaida huwa ninao.

"Mjomba," nikasema, na sikumwita Daktari. "Mgomba ule haukuwa unaumwa. Nilipaka manjano ili nikucheke. Nilikuona na jembe jekundu, nikakuona unavuka mfereji, na sheria nilikuwa naijua. Nilikaa kimya. Nimekaa kimya hadi leo."

Kule juu jani jingine lilivunjika shingo, na sote watatu tulilisikia.