Sangala wa Mugeni

Sangala aliyepewa Citoyen Théophile alikuwa mukubwa mpaka alipotolewa majini ziwa lilishuka kidole kizima, na mitumbwi yote ya Kalemie ikabaki juu ya muchanga. Asiyeamini aende kuliuliza ziwa. Aliyemuchagua samaki huyo ni Mama Domitille, kiongozi wa wauza samaki ufukoni. Akaongeza sangala wengine wa umri uleule, wazee wenye matumbo ya mafuta. Théophile, mupimaji kutoka laboratwari ya serikali, alikuwa ameomba samaki tu. Lakini ni mugeni gani anapewa ndagala, visamaki vya urefu wa kidole?

Akakata minofu, akaifunga katika barafu, akaondoka. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa matanga. Dawa ya wadudu ya mashambani, akaeleza, inafuata maji ya mvua mpaka ziwani, inaingia katika samaki na kukaa ndani ya mafuta. Katika wale wake ilikuwa imepita kipimo. Kesho angeiambia biro ya zone, serikali ya pale, kwamba samaki wa Kalemie wasipande tena gari moshi.

Ndagala za Mama Domitille zilikuwa zinaliwa Niemba mpaka Kongolo; bila gari moshi zingemuozea mikononi.

“Papa Théophile,” akasema. Mbele ya watu alikuwa Citoyen, jina la kiserikali. Ukisikia Papa, kuna kitu kinatafutwa. “Wale sangala walikuwa wazee. Wamekula ndagala tangu Wabeleji wakiwa hapa. Nilikuchagulia wao kwa heshima. Chakula chetu cha kila siku si kile.”

Théophile akaruka kutoka kwenye kiti kama aliyekalia siafu.

“Kumbe mulinipa heshima, mimi nikapima sumu!”

Akaanza kueleza huku akitembea huku na huku: ndagala haishi sana, inabeba sumu kidogo, sangala anameza maelfu yao mwaka kwa mwaka, na kile kidogo cha kila mumoja kinabaki kwake. Biro ingengoja. Aletewe samaki wa kila ukubwa, wale wa sufuria za watu.

Hapo Kalemie yote ilihamia ziwani. Mitumbwi ilishindana mpaka maji yakapata moto. Watu walileta ndagala kwa ndoo, mikebuka, samaki wa ukubwa wa kati, kwa mafungu. Mama Agnès alileta samaki wake akiwa tayari ndani ya mawese. Théophile akakataa kumupima, lakini hakukataa kumula.

Majibu yalipofika, watu walimubeba Mama Domitille juujuu mpaka gare, kituo cha gari moshi: ndagala na mikebuka ni salama, gari moshi lipakie. Sangala mukubwa aliwe mara mojamoja, ngozi na mafuta ya tumbo vikiwa vimetupwa. Wenye mimba na watoto wadogo wasimuguse.

Asubuhi iliyofuata Mama Domitille alikuwa anatupa mafuta hayo shimoni, wakati binti yake Léonie alipofika, mimba mbele, akidai tumbo la sangala. Tangu zamani kipande kile kinawekewa wenye mimba.

“Toka hapa.”

“Mama, ni haki yangu.”

“Haki yako njo hii,” akasema Mama Domitille, akimumwagia ndagala kavu kikapuni mpaka zikafurika.

Léonie akanuna. Akazitafuna tatu palepale, bado amenuna, akanyosha mukono kwa nyingine.