Hakufa Hata Mmoja

Des alipokuwa amelazwa hospitali ya Cairns, kaskazini mwa Australia, siku ambayo hakuna aliyejua kuwa ndiyo ya mwisho, hakumwomba mkewe msamaha wala hakumwachia wosia wa nyumba. Alimwambia tu, "Glen, wale samaki wasife." Glenys akasema hawatakufa. Mengine yote ya siku ile yalishamtoka kichwani, lakini neno hilo alilibeba kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe stendi: hampendi, hamchukii, ila hathubutu kumweka chini.

Maana samaki hawakuwa wake, tangu mwanzo. Enzi zake Des alijaza banda zima matangi ya vioo, na chama cha wafuga samaki cha Mareeba kilimheshimu kama sheikh. Uzeeni yalibaki matangi mawili. La karibu na mlango lilikuwa na samaki waitwao wa upinde, kwa rangi zao za upinde wa mvua, waliotoka Kijito cha Gillow. Hao waliwatega wenyewe, yeye na Glenys, wakiwa wachumba, suruali zimekunjwa hadi magotini. La chini ya dirisha lilikuwa na wa Kijito cha Tarby, upande wa pili wa kilima. Ukiwatazama ni wale wale. Urefu wa kidole, ubavu wa fedha, na jua la asubuhi likiwapiga wanawaka michirizi myekundu hadi unasahau ulichokuja kufanya bandani.

Baada ya mazishi watu walimsifu Glenys kuwa ni jasiri. Jasiri wapi! Hakulia kwa sababu hakuona cha kulia nacho. Ndani yake palikuwa kama mdomo uliochomwa ganzi na daktari wa meno. Unajua ulimi upo, lakini huusikii. Alikula alichowekewa na akalala alipoambiwa alale. Binti yake Kerrin aliposema nyumba imekuwa kubwa mno, ni heri ahamie makao ya wazee kule Atherton, alisema, "Haya." Meneja wa makao akatoa sharti moja: tangi la samaki ni ruhusa, lakini moja tu.

Hapo tu ndipo Glenys aliposhtuka kidogo. Matangi mawili, ruhusa ya moja, na ahadi aliitoa. Akampigia simu Bruno Santarossa, mwenyekiti wa chama, rafiki wa Des wa kufa na kuzikana, amuulize afanyeje. Simu haikupokelewa, akaacha ujumbe. Kesho yake akaacha mwingine. Bruno hakupiga. Basi akamwambia Kerrin ampeleke dukani.

Dada wa duka la samaki alikuwa na pini puani na subira ya mkunga. Alimweleza kwamba kuwachanganya samaki ni kama kupangisha vyumba: usitazame sura, tazama tabia. Wa upinde ni wachangamfu, wanapenda kundi kubwa na maji yasiyo makali. Asiwatie pamoja na wenye mapezi marefu, watayadonoa hadi yawe matambara. Asiwatie na wapole wanaokula polepole, watakufa njaa. Wale vikambale wadogo wa kufagia chini ni majirani wema, hawana habari na mtu.

"Na nikichanganya matangi mawili ya hao hao wa upinde?" Glenys aliuliza.

"Wanafanana, bibi?"

"Kama maharage."

"Basi watakushukuru."

Wala yule dada hakukosea. Kila alichoulizwa alikijibu sawasawa. Glenys naye akajiambia, ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja, na lile jambo likatua.

Alilifanya kwa makini kuliko jambo lolote tangu afiwe. Alianza na wa Gillow, katika tangi la sebule yake mpya kule makao. Humo mlikuwa na dume mmoja mkorofi, mpana, aliyezoea kula mkononi mwa Des. Kabla hata wageni hawajamiminwa alishawatafuna mikia wenzake watatu. Glenys akamtoa na kumweka kwenye ndoo kubwa yenye magugu ya majini, barazani. Kwa jinsi alivyozungukazunguka mle akikagua, akampa jina la Meneja. Kisha akawamimina wa Tarby, akatia vikambale, akakaa kwenye kiti akisubiri vita. Vita havikuja. Walizunguka pamoja kama watu waliokutana harusini wakagundua ni ndugu.

Ikapita baridi, ikapita mvua, ikaja baridi nyingine. Mayai yalinata kwenye majani, watoto wakatoka, wakakua, hadi ukiulizwa nani mzazi na nani mtoto huwezi kujibu. Wazee wa makao walikuja na vikombe vyao vya chai kutazama. Glenys aliwatazama pia, na hakusikia kitu, ila alijua hakuna aliyekufa. Hilo lilimtosha kuamkia.

Siku Bruno alipobisha hodi alikuwa amebeba boksi la baridi, na kipampu cha hewa cha betri kikining'inia shingoni. Alikuwa amekonda. Alikaa ukingoni mwa kochi, akasifu makao, akasifu keki ya nazi kabla hajaionja. Ndipo akaeleza. Kijito cha Gillow kilikuwa kimemalizwa na sato. Naam, sato, huyo huyo ambaye kwingine watu wanamkaanga na kulamba mifupa. Huku ni mharibifu, na sheria haikuruhusu hata kumfuga. Sasa juu ya maporomoko ya kijito, ambayo sato hawezi kuyapanda, walishatokomezwa, maji yalikuwa matupu, na Jumapili chama kingewarudisha wenyeji wake. Tatizo ni kwamba Bruno, aliyepewa mbegu na Des miaka mingi nyuma, kimbunga kilimkatia umeme na samaki wake wote wakafa.

"Wamebaki wa Des tu, shemeji. Duniani kote. Umewaweka wapi wa Gillow?"

"Hao hapo," Glenys alisema, akaonyesha tangi.

"Na wa Tarby?"

"Hao hapo."

Bruno alisimama. Akaenda hadi kwenye kioo, akainama. Watoto walipita mbele ya pua yake kwa makundi. Aliporudi kukaa alizungumza taratibu, bila kumtazama. Samaki wa kijito kimoja na wa kingine wakiwekwa pamoja hawagombani, wanaoana, na kizazi kikichanganyika hakichambuliki tena kwa macho. Ndiyo maana Des hakutumia hata wavu mmoja kwa matangi mawili. Chuoni wangeweza kupima damu ya huyu na yule, lakini mto haupewi samaki wa kubahatisha.

"Wangepigana ingekuwa nafuu," alisema.

"Nilikupigia simu, Bruno."

"Najua."

"Mara mbili."

"Niliogopa utalia," Bruno akasema. "Sikujua nitakuambia nini ukilia."

Glenys alifikiri juu ya hilo. Hakukasirika, alitamani angekasirika. Mtu mzima ameogopa machozi ambayo hata hayakuwepo, na kwa ajili hiyo samaki wa kijito kizima wamekwisha huku wanaogelea. Akasema, "Yupo mmoja."

Alimpeleka barazani. Bruno alipiga magoti kando ya ndoo, na Meneja akapanda juu kumkagua. Hakuwahi kuchanganywa na mtu, Glenys alieleza, alitolewa kabla. Kwa kitambo uso wa Bruno ulikuwa wa kijana. Kisha ukarudi kuwa wa umri wake.

"Ni yeye," alisema. "Huyu hana shaka hata chembe. Lakini ni dume, shemeji."

"Dume mmoja anafaa nini?"

"Peke yake? Hafai kitu."

"Basi asikae peke yake," Glenys alisema.

Alichukua bakuli, akamchota, akaingia naye sebuleni. Bruno aliinua mkono kumzuia, halafu akaushusha, kwa kuwa hakukuwa na cha kulinda tena. Meneja alimiminika, akasimama katikati ya maji, mpana, mwekundu, akiwatazama wale wote waliokuwa jamaa zake. Halafu akamfukuza wa kwanza na kumtafuna mkia.

Glenys alicheka. Kicheko kilianza vizuri kikaharibikia njiani, na kifua kikamuuma pale pale ambapo kwa mwaka na zaidi hakukuwa na kitu. Akajua ni Des. Akajua amekufa, na kwamba wakati ule wa suruali zilizokunjwa magotini haukubaki popote, hata kwenye kioo. Alilia amesimama, bakuli mkononi, maji yakimdondokea viatuni.

Bruno hakukimbia. Alimpokea lile bakuli, akaliweka mezani kando ya keki, akaketi.

"Chai ipo," Glenys alimwambia alipoweza. "Ngoja nikaipashe moto."