Masizi Upande Mmoja

Sitazunguka: kijiba cha roho kilinishika siku mwindaji alipoleta bunduki yake kubwa karakanani kwetu akasema, "Kitako kipya anichongee yule mwenye mikono myepesi." Huyo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kushika patasi nilimfundisha mimi. Na nyumbani nako sipumui, maana mke wangu hamalizi sahani bila kumtaja.

Mzee Milimita, mwenye karakana, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Hakutamka, lakini wote tulijua kwamba atakayeng'ara kwa bunduki ile ndiye atakayekuwa fundi mkuu. Mimi nina miaka kumi na tisa pale. Shemeji akaniomba nimsaidie kupaka mafuta. Kumsaidia! Mimi!

Alichonga vizuri, siwezi kukataa. Alimpima mwindaji mkono, bega na shavu. Mwindaji akafumba macho, akaiweka bunduki begani, akafumbua, na jicho likawa sawa kabisa na shabaha. Akacheka kwa furaha. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Sisi hupaka chuma cha bunduki masizi kabla ya kukilaza ndani ya mti wa kitako. Ukikitoa, palipogusana panabaki peusi. Chini ya mtutu kuna kibonge cha chuma kinachousukuma mti bunduki inapopiga teke, na ile ilikuwa na teke la punda. Kibonge hicho lazima kiguse mti kulia na kushoto sawasawa, la sivyo mti hupasuka. Nilipochukua mafuta, nikaona masizi upande wa kushoto tu. Wa kulia mweupe pe. Mgema akisifiwa, nikajisemea, tembo hulitia maji. Kurekebisha ilikuwa kazi ya nusu saa. Nikapaka mafuta juu yake, nikanyamaza.

Kwetu aliyechonga ndiye anayefyatua risasi za kwanza. Ya kwanza ilipita salama. Ya pili, mti ukalia ko! Ufa ukakimbia hadi shingoni mwa kitako, kibanzi kikamchana shemeji shavu. Damu ilikuwa kidogo.

Mzee akafungua skrubu, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Masizi haya yako chini ya mafuta," akasema. "Aliyepaka aliyaona. Nani alipaka?"

Shemeji alikuwa amebana kitambaa shavuni. Hakunitazama.

"Mimi, Mzee. Nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Mwindaji akamshika bega. "Pole, fundi. Cha muhimu jicho limepona." Mzee naye akatikisa kichwa kwa huruma, wala si kwa hasira. Yaani hata na kitako kilichopasuka bado walimpenda kuliko mimi. Roho iliniuma kuliko siku zote.

"Anadanganya," nikasema. "Nilipaka mimi. Niliona, nikafunika."

Wote wakanigeukia. Shemeji peke yake aliinamisha kichwa, akaona aibu kwa niaba yangu.

Ufundi mkuu alipewa yeye. Mke wangu hunisifu mpaka leo kwamba siku ile nilisema kweli. Simwambii kwamba sikuisema kwa ajili ya haki. Sikutaka tu mdogo wake anizidi na kwa wema pia.