Nati ya Mpingo

Gari la Stefano Komba lilijulikana mtaa mzima wa Chuno kwa sauti kabla halijaonekana kwa macho. Kila jioni likitoka bandarini, likifika kwenye kile kimlima kabla ya kona ya msikiti, Stefano hubadilisha gia, na hapo gari hupiga ukelele kama mbuzi anayevutwa masikio. Kina mama walikuwa hawana haja ya saa. Wakisikia ukelele huo wanajua ni saa kumi na nusu, wanainjika sufuria. Stefano alikuwa karani wa bandari, Mngoni wa Songea aliyekuwa na mwaka wa sita Mtwara. Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na mpaka mwaka ule wa sabini na mbili hakuna mtu aliyewahi kumwomba lifti mara mbili.

Kwa hiyo Mzee Hassani alipokuja kumwomba gari, Stefano alidhani ni utani.

Mzee Hassani alikuwa fundi cherehani, jirani yake wa ua kwa ua, na alikuwa Myao. Mngoni na Myao ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona bora watukanane. Tangu hapo mtani ana ruhusa ya kukuchambua mbele za watu, na akitaka anachukua kitu chako anaondoka nacho, na wewe unakikomboa kwa kuku huku unacheka. Sharti ni moja tu: ukikasirika, umeshindwa. Mwaka uliopita, siku ya maziko ya shangazi yake Hassani, Stefano alitumbukia kaburini kabla ya marehemu, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Waliokuwa wanalia walicheka mpaka wakashika mbavu. Jogoo aliletwa. Hassani naye aliapa palepale, udongo ukiwa bado mkononi, kwamba siku yake itafika.

Lakini jioni hii mzee alivua kofia, na hakumwita Mngoni.

"Stefano," alisema, "mwanangu Zuhura anaolewa Jumamosi. Babu wa bwana harusi hajiwezi, kwa hiyo ndoa itafungwa hukohuko kwao Msimbati, baada ya adhuhuri. Mimi natangulia Alhamisi na lori la mizigo. Lakini mwanangu hatapanda lori, akafika kwa wakwe amejaa vumbi la korosho. Teksi nazo zote zimechukuliwa Newala. Nakuomba umpeleke wewe."

Miaka sita Stefano alikuwa Mngoni wa bandarini, mtu wa kuchekwa na kucheka naye. Leo anakabidhiwa mtoto wa watu.

"Atafika kabla ya adhuhuri, mzee," alisema. "Nakuahidi."

Usiku ule hakulala vizuri. Alikuwa anausikia ule ukelele. Alimwona Zuhura anafika ukweni, wakwe wamejipanga na vigelegele vyao, halafu gari linapiga kelele kuwashinda wote. Haiwezekani, alisema moyoni. Asubuhi alimwendea fundi wa magari ya bandari, ambaye aliling'amua tatizo bila hata kuinuka kwenye kiti.

"Lini umebadilisha oili ya giaboksi?"

"Inabadilishwa?"

Fundi alimtazama kwa huruma. Akampa kopo la oili na nasaha moja, akairudia mara tatu kama anayemfundisha mtoto Alhamdu: "Kwanza fungua nati ya pembeni, ya kujazia. Ndipo ufungue ya chini, ya kumwagia. Ukimwaga yote halafu ya kujazia ikakukatalia, utabaki unaitazama."

Alhamisi alasiri Stefano aliomba ruhusa kazini, akalizungusha gari mpaka Shangani na kurudi ili oili ipate moto na kulainika, kisha akalipandisha juu ya magogo manne uani kwake, likakaa sawa kama meza. Akatandika gunia, akaingia chini. Nati ya pembeni ilikaza, akaisihi, akaitukana kwa Kingoni, ikalegea. Aliifuta vizuri akaiweka pembeni ya gari juu ya kitambaa cheupe. Kisha akaweka karai chini na kufungua nati ya pili. Oili ilitoka nyeusi, nzito, ina vichengachenga vya chuma vinavyometameta.

"Hilo ni karai langu la kukandia," alisema mkewe, Yustina, kutoka mlangoni.

"Nitalisafisha."

"Nani atakula maandazi yenye ladha ya gari?" Akaingia ndani akibamiza mlango, lakini alikuwa anacheka.

Stefano akiwa bado chini, ameshika karai kwa mikono miwili lisipinduke, aliona katambuga mbili zimesimama kando ya gari. Katambuga zile zilizochongwa kwa tairi alizijua.

"Mngoni!" sauti ya Mzee Hassani ilitoka juu. "Leo gari limekuzaa au limekumeza?"

"Ondoka, Myao, nisije nikakumwagia. Lori halikungoji?"

"Linapiga honi hilo, nakwenda. Jumamosi tutaonana. Uje na kuku."

Mzee alichutama kidogo, akacheka kicheko kirefu, na katambuga zikaondoka. Stefano hakujali. Alingoja tone la mwisho lidondoke, akaosha nati ya chini kwa mafuta ya taa, akaifunga. Kisha akachukua kopo alilolitoboa kitako na kulichomeka mpira, akajaza oili mpya polepole mpaka ikaanza kuchungulia kwenye tundu la pembeni. Hiyo ndiyo alama ya kushiba, fundi alimwambia. Akanyoosha mkono kwenye kitambaa.

Kitambaa kilikuwa kitupu.

Alipapasa, akakikung'uta, akakilaza tena kama vile nati ingeona aibu ikarudi. Akatoka chini, akachekecha mchanga wa ua mzima kwa ungo wa Yustina, ambaye sasa alikuwa hacheki. Alimshuku kuku mmoja mwekundu mwenye tabia ya kumeza shanga, akamminya kooni mpaka Yustina akamnyang'anya. Mwishowe Mwajuma, mke wa Mzee Hassani, alichungulia juu ya ua.

"Baba Esta, unatafuta nini?"

"Chuma kidogo hivi, mama. Cha mviringo."

Mwajuma akaweka mkono mdomoni. "Mume wangu kapanda lori anacheka peke yake. Anachezea kitu mfukoni. Kaniambia Jumamosi kuna Mngoni atalia mbele ya watu."

Stefano akaketi palepale mchangani. Alielewa yote kwa mara moja. Mzee alikuwa amelipiza jogoo wake. Kwake yeye, kile kilikuwa kipande tu cha gari bovu, na Chuno nzima inajua gari la Stefano huangusha vipande njiani na bado linakwenda. Hakujua kwamba amebeba mfukoni safari ya mwanawe mwenyewe. Na sasa nati iko Msimbati, bibi harusi yuko Chuno, na kati yao kuna njia ndefu ya mchanga.

Alitaka kukasirika. Kifua kilimjaa kweli. Lakini hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na mvuvi mwenyewe alikuwa ameshaondoka na lori.

Ijumaa alipita maduka yote ya spea. Hakuna nati iliyofaa, kwani gari lake lilikuwa la aina ambayo hata Wazungu walikuwa wameshaisahau. Kila alipotoka dukani mikono mitupu aliuona uso wa Mzee Hassani bila kofia, unamwomba. Hakuogopa kuchekwa, kuchekwa alikuzoea. Aliogopa kwamba mara moja tu katika miaka sita alikabidhiwa kitu cha maana, na atakivunja.

Alikuwa anarudi nyumbani kichwa chini alipopita mbele ya kibanda cha Filipo, Mmakonde mchonga vinyago, aliyekaa katikati ya vumbi jeusi la mpingo. Stefano alisimama. Alitazama lile gogo gumu, akatazama patasi. Akamsimulia Filipo kila kitu.

"Tundu ni la ukubwa gani?" Filipo aliuliza.

"Kama kidole gumba changu."

"Mafuta yanalisukuma?"

"Hapana, liko juu kidogo ya mafuta. Yanalirukia tu gari likienda."

"Basi nti utatosha," Filipo alisema, akiutamka mti kwa lafudhi yake ya Kimakonde. "Mpingo hauogopi mafuta."

Walirudi pamoja uani kwa Stefano. Filipo akaingia chini ya gari akalipima tundu kwa ujiti, akakaa kivulini kuchonga. Alichonga kizibo chembamba huku, kinene kule, akakijaribu, akakipunguza, akakijaribu tena. Kilipokaa sawasawa, Stefano alinyoosha mkono akipokee. Filipo akakirudisha kwake.

"Bado. Hakina uso."

"Uso wa nini? Kinakaa chini ya gari, nani atakiona?"

"Nti usio na uso ni kuni," Filipo alisema, na hakukubali kubishana. "Aliyechukua ile ya chuma yukoje?"

Stefano akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Akamweleza: mashavu yaliyobonyea, masikio makubwa, pengo la jino mbele. Filipo alichonga akitabasamu. Kwenye kile kichwa kitakachobaki nje ya tundu alitokea Mzee Hassani, mdogo kama tende, anacheka na pengo lake. Mwajuma alipokiona alikimbilia ndani kujificha kwa kicheko, akarudi na kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye cherehani ya mumewe. Wakakizungushia kile kizibo kikaze, na Filipo akakipigilia kwa nyundo ya mti, mapigo matatu ya upole.

Jumamosi asubuhi Zuhura alitoka ndani amefunikwa asionekane hata ukucha, akakaa kiti cha nyuma kati ya mama yake na Yustina. Stefano alisema sala yake, Mwajuma akasema yake, gari likaondoka. Kwenye kimlima Stefano alikanyaga klachi, akabana pumzi, akabadilisha gia.

Kimya. Gia iliingia kama kidole kwenye asali.

Huko nyuma, hakuna mama hata mmoja wa Chuno aliyejua kwamba gari la Stefano limepita.

Njiani alisimama mara tatu, akalala kwenye mchanga, akachungulia. Mara zote tatu Mzee Hassani wa mpingo alikuwa palepale, amelowa kidogo mashavuni, anacheka. "Yupo?" Zuhura aliuliza chini ya ushungi. Ni neno pekee alilosema safari nzima. "Yupo," Stefano alijibu, na wakaendelea.

Msimbati waliingia saa tano na nusu, vigelegele vikapanda, na gari halikuvishinda. Zuhura alipokwisha kuingizwa ndani, Mzee Hassani alijitokeza katikati ya watu, kanzu nyeupe imenyooshwa kwa pasi, mkono umeinuliwa. Kati ya vidole ilikuwa nati.

"Jamani, mtazameni Mngoni!" alipaza sauti. "Nimemnyofolea gari lake na hana habari! Ikomboe, Mngoni! Kuku wawili!"

Watu wakacheka. Stefano akamngojea amalize.

"Kaa nayo, mtani," alisema. "Bila hiyo gari haliendi. Nimemweka mwingine."

"Haliendi?" Mzee aliitazama nati. Mkono ulianza kushuka. "Haliendi hata kidogo?"

"Oili ingemwagika yote njiani. Tungelala porini na bibi harusi."

Kicheko cha watu kilikatika vipande vipande. Mzee Hassani alilitazama gari, akautazama mlango alioingia mwanawe. Uso ulimbadilika, na kila aliyesimama pale aliona alivyoogopa, hatari ikiwa imeshapita. Kisha, na kanzu yake nyeupe, alilala chali mchangani akajisukuma chini ya gari. Zilibaki katambuga mbili nje.

Watu walianza kutazamana.

"Mngoni," sauti ikatoka chini, ndogo. "Huyu ndiye aliyemleta mwanangu?"

"Ndiye."

"Njia yote?"

"Njia yote, mzee. Hakuachia."

Alipotoka, kanzu ilikuwa na doa la oili mgongoni kubwa kama chapati, na macho yalikuwa yamelowa, ingawa alidai ni mchanga. Aliagiza kuku wawili waletwe, wapewe Stefano, na hakuna mtu aliyehitaji kuuliza nani amemkomboa nani. Stefano akanyoosha mkono apewe nati yake, airudishe mahali pake kabla ya safari ya kurudi.

Mzee Hassani aliitia mfukoni.

"Mwache huyo mwenzangu palepale," alisema. "Mimi nilikuwa huku nacheka. Yeye ndiye aliyefanya kazi ya baba."