Swali la Pili

Bungeni walimwita Msumari, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa mbunge wa upinzani, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, na akisimama kuuliza swali hata mawaziri waliacha kuchezea simu zao. Wapo wabunge wanaouliza ili wajibiwe, na wapo wanaouliza ili waonekane wakiuliza. Msumari alijihesabu katika kundi la kwanza. Nasi hatukuwa na sababu ya kumbishia, mpaka siku ile.

Jioni ya kuamkia swali lake alikwenda kwa mama yake mkubwa, ghorofa ya tatu, katika majengo yale yale aliyokuwa anakwenda kuyaulizia. Yalikuwa majengo ya serikali, yaliyojengwa zamani kwa watumishi wa vyeo vya chini. Mama mkubwa alikuwa mfuaji wa hospitali, akafua mashuka ya wagonjwa mpaka akastaafu, na ni katika vyumba vile viwili alimomlea Msumari baada ya mama yake mzazi kufariki. Sasa ukuta wa ngazi ulikuwa na ufa wa kumeza kidole. Chini ya ghorofa ya pili palikuwa pameegemezwa gogo, eti kuizuia ngazi isishuke. Kila bajeti ilitenga fedha za ukarabati, na kila mwaka fedha hizo zilipata shughuli nyingine kabla hazijafika.

Mezani alikuwepo Fundi Saa, mzee wa mlango wa pili, aliyefiwa na mkewe miaka mingi. Maji yalikuwa hayapandi zaidi ya ghorofa ya chini, basi yeye alimpandishia Mama mkubwa maji, nusu ndoo nusu ndoo, akipumzika kila kona ya ngazi. Yeye Mama mkubwa alipika. Kila jioni walikula pamoja, wakabishana juu ya chumvi, kisha kila mtu akaenda kulala kwake. Mzee alimwita Mama mkubwa "jirani", naye Mama mkubwa akamwita "jirani". Jina lingine hawakulitafuta.

"Haya, kesho unawauliza nini hao?" Mama mkubwa aliuliza, baada ya shikamoo na marahaba.

Msumari alieleza. Waziri wa nyumba atasoma jibu la swali lililopelekwa kwa maandishi. Baada ya hapo yeye ataruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, mafupi, papo kwa papo. Mawili tu, hata ulie machozi.

"La kwanza, kama serikali inajua kuwa majengo haya ni hatari."

"Wanajua," alisema Fundi Saa. "Lile gogo si wamelileta wao?"

"Na la pili?" Mama mkubwa alidakia.

"Bado nalifikiria."

Mama mkubwa akaweka kijiko chini. "Usijisumbue, nakupa mimi. Waulize: wakitolewa hawa watu, wanakwenda wapi?"

"Mama mkubwa, nani atawatoa? Wale mimi nikisema jua linawaka, wao watasema mvua inanyesha. Watakana kama kawaida yao."

"Waulize tu."

"Sawa, nitauliza."

"Haya, rudia."

Msumari akaangua kicheko. Utotoni, kila alipotumwa dukani, alisimamishwa mlangoni na kurudia alichotumwa, kwa sababu siku moja alitumwa chumvi akarudi na pipi, na maelezo marefu juu ya pipi hizo.

"Mama mkubwa! Mimi ni mbunge jamani!"

"Mbunge si mtu tuliyemtuma? Rudia."

"Wakitolewa hawa watu, wanakwenda wapi?"

"Sasa kula," alisema Mama mkubwa.

Fundi Saa alicheka mpaka akapaliwa na kukohoa. "Wewe jirani, hata mheshimiwa humwachii!"

Kesho yake bunge lilijaa. Waziri alisoma jibu lake, refu na laini, la serikali sikivu inayoendelea na tathmini. Msumari akasimama. Alieleza juu ya ufa, akaeleza juu ya gogo, akauliza: serikali inajua au haijui kwamba majengo yale yanaweza kuwaangukia watu wakiwa wamelala?

Waziri alifunga faili lake taratibu.

"Mheshimiwa Spika, nakubaliana kabisa na mheshimiwa mbunge. Majengo yale ni hatari, na nampongeza kwa kuwapigania wananchi wake. Kwa hiyo natamka hapa hapa: majengo yote yafungwe, na wakazi wawe wametoka ifikapo mwisho wa wiki hii."

Msumari alipigwa butwaa. Tangu aingie bungeni alikuwa hajawahi kukubaliwa jambo, na alikuwa kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta haukufungwa. Viti vya serikali viligonga meza. Mwenzake wa chama aliyeketi nyuma akamnong'oneza, "Amekuzidi kete! Mpige na mapazia! Mapazia!"

Mapazia yalikuwa habari ya mjini wiki ile. Waziri alikuwa amebadilisha mapazia ya ofisi yake na kununua kiti cha ngozi kinachozunguka, kwa fedha ambazo zingeziba ufa wote na chenji ikabaki. Na Msumari, tuseme kweli, alikuwa ameumia. Alikubaliwa mbele ya watu, akapongezwa kama mtoto, na damu ilimpanda kichwani.

"Mheshimiwa Spika, swali la pili! Je, waziri anaweza kulieleza bunge hili, yale mapazia yake mapya yanamkinga na jua, au yanamkinga asiwaone hao wananchi?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Wa upinzani waligonga meza mpaka viganja vikawauma, hata wa serikali wawili walicheka wakijificha. Waziri naye alitabasamu, akajibu jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Taa nyekundu ya kipaza sauti cha Msumari ikazimika.

Ilipozimika ndipo alipokumbuka.

Alisimama tena. "Mheshimiwa Spika, naomba..."

"Mheshimiwa, maswali yako mawili yamekwisha. Kaa chini. Tunaendelea."

"Mheshimiwa Spika, ni dogo tu, hao watu wata..."

"Kaa chini, mheshimiwa."

Akakaa. Wenzake walimpiga mabegani kwa furaha. Kabla ya saa sita mchana sauti yake na mapazia yale vilikuwa vimezunguka katika simu za nchi nzima, na chama kilimpigia kumwambia amewatoa kimasomaso. Alikwenda chooni, akafungua bomba, akalia kwa namna ya kutosikika.

Siku ya kuhama alifika asubuhi na gari la kuazima. Ngazi zilijaa magodoro na watu waliobeba. Askari wa manispaa walisimama chini, wakali bila kutukana mtu, na karibu na gogo mtu alikuwa ameacha kabati kwa kushindwa kulipitisha. Mama mkubwa alikuwa anakunja mashuka, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa kazini.

"Tulikuona," alisema bila kugeuka. "Tulijazana kwa yule mama wa chini mwenye televisheni. Lile la mapazia watu walipiga makofi sana."

"Mama mkubwa, nisamehe. Nilikuwa nimelishika, nakuapia, nilikuwa nimelishika..."

"Chukua hiyo ndoo, mwanangu. Usiivunje mkono."

Fundi Saa alikuwa mlangoni kwake na sanduku la vifaa na begi moja. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mpwa katika mji wa mbali, ambaye simu yake haikupatikana. Manispaa ilisema wasio na pa kwenda watahifadhiwa katika bohari yake ya zamani, kwa muda.

"Mzee, twende wote," Msumari alimwambia. "Kwangu nafasi ipo."

"Asante, mwanangu. Nikae kwako kama nani? Mimi ni jirani tu."

Akamtazama Mama mkubwa. Mama mkubwa akalitazama shuka. Palikuwa na neno la kusema hapo, na wote wawili walikuwa watu wazima wenye haya, na askari wanapita, na watoto wa watu wanasikiliza. Hakuna aliyelisema. Fundi Saa alimbebea Mama mkubwa begi lake mpaka kwenye gari, kisha akapanda lori la manispaa pamoja na wengine.

Bohari ile ilikuwa na sakafu ya saruji na madirisha yasiyo na vioo, na msimu wa baridi ulikuwa umeingia; Fundi Saa akaanza kukohoa. Mama mkubwa alikwenda kila siku na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. Alirudi akisema jirani amelalamikia chumvi, na siku hizo mzee alikuwa na nafuu. Halafu akaacha kusema habari za chumvi. Kile kikohozi kiligeuka kichomi, na Fundi Saa akapelekwa hospitali, ile ile aliyoifulia mashuka Mama mkubwa. Mlangoni pa wodi nesi kijana alimuuliza yeye ni nani wa mgonjwa.

"Jirani."

"Samahani bibi, kwa hali aliyo nayo tunaruhusu ndugu tu."

Alikaa kwenye benchi la nje mpaka walipotoka kumwambia. Mpwa alipatikana kwa ajili ya mazishi.

Msumari alikuwa amejaribu kulirudisha swali bungeni. Ofisi ya bunge ikamjibu kwamba jambo lililokwisha kujibiwa haliulizwi tena katika mkutano ule ule. Akangoja mkutano mwingine. Siku ilipofika alisimama bila mbwembwe wala mapazia, akauliza: wakitolewa hawa watu, wanakwenda wapi? Majengo yalikuwa yamezungushiwa mabati tayari. Waziri alisema wakazi wote walikwishahama kwa amani, na kwa hiyo, Mheshimiwa Spika, swali hili limepitwa na wakati. Hakuna aliyegonga meza. Hakuna simu hata moja iliyorekodi.

Alirudi nyumbani akamkuta Mama mkubwa jikoni, anachambua maharage kwenye sinia. Televisheni ilikuwa haijawashwa.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Wanasemaje?"

"Limepitwa na wakati."

Mama mkubwa alitoa kijiwe, akakiweka pembeni ya sinia.

"Mimi nilijua nitakwenda wapi," alisema. "Tangu mwanzo nilijua. Mimi nina wewe. Lile swali halikuwa langu, mwanangu."

Msumari akavuta kigoda akakaa karibu yake. 

"Rudia," alisema Mama mkubwa.

"Mama mkubwa, tafadhali."

"Rudia nilivyokutuma."

Basi mheshimiwa akarudia, kwa sauti ya mtoto aliyesimama mlangoni.

"Wakitolewa hawa watu, wanakwenda wapi?"

"Umepatia," alisema Mama mkubwa, akalisogeza sinia kando, na ndipo naye alipolia.