Sentensi ya Minara Miwili

Kikapu cha majani ya chai mgongoni, simu sikioni, Chepkurui, mhandisi wa simu aliyekuja nyumbani kumsaidia babake kuchuma chai, aliteremka bonde la Boito akipigania sentensi yake. Alikuwa ameandika kwenye rasimu ya kanuni za mitandao ya simu kwamba simu ikihama mnara mmoja wa mtandao kwenda mwingine, mazungumzo yanaweza kukatika.

“Madam, hiyo naifuta,” alisema Masese, mhariri, kutoka Nairobi. “Siku hizi hilo halitokei.”

“Usifute, Bwana Masese! Mimi…”

Simu ikakatika. Akapanda tena kilimani kutafuta mtandao.

“Chepkurui! Karani wa kupima chai anafunga mizani, wewe unatembeza simu!” babake akafoka.

Simu ikalia. “Madam, mbona unanikatia?”

“Sijakukatia. Nimebadilisha mnara tu.”

Masese akakohoa. “Haya, sentensi ibaki.”

Majani pia yalibaki. Karani alikuwa ameshaenda.