Mstari wa Nne

Kaka alifariki mwezi wa tatu, na mpaka mwezi wa kumi na moja alikuwa bado anajibu barua pepe. Msishtuke. Aliyekuwa akijibu ni mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba ile, kwa jina la kaka, kwa nywila ya kaka, juu ya kiti cha kaka chenye mguu mbovu.

Kazi yenyewe haina sifa. Kuna maktaba moja ya programu inayokaa katikati ya waandishi wa programu na hifadhidata: wao wanaulizia, tuseme, mteja fulani, yenyewe inakwenda kupekua majedwali na kuwaletea mteja mzima mzima, na anwani yake. Walioiandika wako mbali. Kila wakitoa toleo jipya, lazima mtu alichukue, alipime, alifungie kwenye kifurushi, akipeleke kwenye mashine za watu. Ikikwama, analaumiwa yeye; isipokwama, hakuna anayejua kama yupo. Kaka aliifanya miaka tisa, bure, kwa mapenzi tu. Kitinda aliirithi bila kuombwa. Alifunga matoleo manne, akaziba mianya miwili ya usalama, na hakulia hata siku moja. Alikuwa amekufa ganzi. Alikula pale tu alipowekewa chakula.

Mama naye alikuwa na lake. Tangu mazishi, majirani waliacha kumwita kwa jina la mwanawe. Walimwita "mama" tu, kwa huruma, na huruma hiyo ilimuudhi kupita kiasi. Jina lilibaki mahali pamoja: kwenye faili la kifurushi, mstari wa nne, palipoandikwa mtunzaji ni nani. Kila siku alikuja kukaa kitandani nyuma ya bintiye, akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akausoma mstari ule.

Basi mratibu wa watunzaji akatangaza uhakiki: kila mtu ajitokeze kwa video, aonekane uso. Hapo ujanja ukaishia. Kitinda alimwandikia ukweli wote. Baada ya siku mbili mratibu alijibu kwa upole kwamba pole sana, kazi ilikuwa safi, kifurushi ni chake akikitaka, ila jina la marehemu litoke kabla ya Ijumaa kuisha. Lisipotoka, kifurushi chenyewe kitaondolewa.

Mama alipoelezwa hakubisha. Aliuliza tu kama kitu kile kitaweza kwenda bila jina la mwanawe. Kitinda akasema watapima, kama wanavyopima kila badiliko.

Ijumaa asubuhi alifuta jina la kaka, akaandika lake. Hakuhisi kitu. Akaanzisha majaribio, elfu moja mia mbili na kumi na manne, na mama akaziacha nguo, akasogea kwenye skrini. Mistari ya kijani, kila mmoja jaribio lililofaulu, ikapita mmoja mmoja, dakika sita nzima, kisha ikasimama.

"Mangapi yamegoma?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama. Yote yamepita."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mama aliitazama skrini, akamtazama bintiye, akairudia skrini.

"Haiwezekani," alisema. "Pima tena."

Kitinda alijua fika kwamba katika majaribio yote yale hakuna linalopima jina la mtu. Akapima tena.